Mwenyekiti wa Herufi Ndogo

Mimi ndiye niliyemfukuza mwenyekiti kwenye chama chake mwenyewe, Ijumaa usiku, bila kikao wala akidi.

Chama chenyewe ni cha kuweka na kukopa, hapa Dar. Nilipewa kazi ya kuhamisha kanzidata yao, yaani daftari lao la kwenye kompyuta, kutoka programu ya MySQL kwenda nyingine iitwayo PostgreSQL. Nikahesabu rekodi za kule na za huku, zikalingana, hakuna aliyedondoka njiani. Nikafunga kompyuta, nikaenda kula chipsi mayai kwa roho nyeupe.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu ikaita. Mama ntilie mmoja, mwanachama wa miaka mingi. "Mwanangu, mfumo unasema sipo. Na mimi nipo hapa nimesimama. Hela zangu je, zipo?" Sijamjibu, mwenyekiti naye akapiga. Yeye hakuanza na "mwanangu".

Chanzo kilikuwa karani wa zamani. Mzee yule aliamini herufi ndogo ni za chekechea. Mtu mzima mwenye hisa huandikwa kwa herufi kubwa. Basi majina ya kuingilia yote yalikuwa MAMANTILIE, MWENYEKITI, utadhani tangazo la mnada. Wenye majina wakiingia waliandika kwa herufi ndogo, au simu zikawawekea M kubwa mwanzoni. MySQL haikuwahi kununa: ulinganishaji wake wa kawaida, ule wenye mkia wa _ci, huona M na m kitu kimoja. PostgreSQL haina undugu huo. Kwake 'MWENYEKITI' na 'mwenyekiti' ni watu wawili wasiojuana.

Haraka haraka nikatoa alama ya sawasawa pale mfumo unapomtafuta mwanachama, nikaweka ILIKE, maana yenyewe haijali ukubwa wa herufi. Watu wakaanza kuonekana. Nikajinunulia soda.

Soda haijaisha, karani mpya huyo kwenye simu: kuna mama dirishani anapiga vigelegele. Jina lake la kuingilia ni mama_1. Sasa ILIKE, kama ndugu yake LIKE, kile kistari cha chini hukisoma "herufi yoyote moja", kwa hiyo mama_1 akaletewa akaunti ya mama11, mwenye akiba ya kujengea nyumba. "Mwambie huyo kijana wa kompyuta Mungu ambariki," nilimsikia akisema, "riba ya hivi sijawahi kuiona!" Nikambembeleza karani asitoe hata shilingi. Vigelegele vilipokatika pia nilisikia.

Nikang'oa ILIKE, nikaweka lower(), inayogeuza kila herufi kuwa ndogo, pande zote mbili za alama ya sawasawa. Safari hii soda sikununua. Nikataka kuongeza faharasa ya kipekee juu ya lower(jina), ili utafutaji usiende mwendo wa kobe na jina lisijirudie. PostgreSQL ikagoma: yapo majina yanayojirudia.

Yanajirudiaje? Nikamuuliza karani.

"Kaka, si asubuhi mfumo ulisema hawapo? Nikawasajili upya."

Kule MySQL sharti la upekee lingemkatalia papo hapo. Huku kila aliyekuja na herufi ndogo alikaribishwa kama mgeni. Walikuwa kumi na saba, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwenyekiti.

Ikabidi niende ofisini, tukae naye tumfute mmoja kati yake. Nikamwonyesha: huyu MWENYEKITI ana akiba kiasi, na ana mkopo wa bodaboda mbili ambao haujafika hata nusu. Huyu mwenyekiti amezaliwa leo saa tatu asubuhi, hana kitu.

Akavaa miwani, akasogelea kioo.

"Huyu mdogo, anadaiwa?"

"Hadaiwi, mzee."

"Basi futa huyo mkubwa. Mimi ni huyu mdogo."