Ndege ya kivita shuleni: ifungueni, msiipandishe kwenye nguzo

Mara ya kwanza kushika ndege kwa mkono wangu nilikuwa na miaka 22, na nilikuwa nimeshavuka bahari. Ilikuwa MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti, imeegeshwa chini ya paa la mabati nyuma ya karakana ya chuo, Tamil Nadu, kusini mwa India. Rangi imebabuka, tairi moja limekwisha upepo. Mwalimu alifungua kifuniko cha ubavuni akaniambia niingize mkono, nilifuate bomba la haidroliki, lile la mafuta yanayosukuma mitambo, mpaka linapoishia. Nililifuata kwa vidole. Kile nilichokuwa nimekichora daftarini mwaka mzima nyumbani Tanzania, na kukariri kwa ajili ya mtihani, nilikielewa kabla sijautoa mkono.

Sasa nina miaka 11 huku, na kazi yangu ni kusimamia wanafunzi kwenye karakana kama ile. Ndugu wakinipigia simu huniuliza wenzetu wametuzidi nini hasa. Siku hizi nawajibu bila kusita: mtoto wa huku anapewa kitu akifungue.

Jeshi la Anga la India lilianza kutumia MiG-21 mwaka 1963 na likaziaga rasmi mjini Chandigarh tarehe 26 Septemba 2025. Katika miaka hiyo zilipita mikononi mwake zaidi ya 800, nyingi zikiwa zimeundwa hapahapa na HAL, kampuni ya serikali ya kuunda ndege, kwa leseni ya Wasovieti. Kadiri zilivyostaafu, baadhi zilipelekwa makumbusho, baadhi zikasimamishwa kwenye makutano ya barabara, na baadhi zikaenda vyuo vya uhandisi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Marut, ndege ya kivita ya jeti ya kwanza kubuniwa India, iliyosanifiwa na Mjerumani Kurt Tank na kuruka mara ya kwanza mwaka 1961. Marut haikupata injini ya kuitosha, kwa hiyo haikufikia mwendo uliokusudiwa. Mimi huipenda darasani kwa sababu hiyohiyo. Mwanafunzi anaona umbo zuri kabisa, kisha anaelezwa kwa nini umbo peke yake halikutosha.

Kabla ya hizo, katikati ya miaka ya 1950, chuo cha Madras Institute of Technology kilikuwa na ndege mbili zilizoondolewa kazini, zimewekwa uwanjani ili wanafunzi waone mifumo yake. Kijana mmoja kutoka mji wa Rameswaram, ambaye dada yake aliweka rehani vito vyake vya dhahabu ili ada ipatikane, alikuwa akibaki karibu na ndege hizo wenzake wakisharudi bwenini. Ulipofika wakati wa kuchagua fani, alichagua uhandisi wa ndege. Huyo ni A.P.J. Abdul Kalam, aliyekuja kuongoza utengenezaji wa makombora ya India na kuwa rais wa nchi kuanzia 2002 hadi 2007. Habari hii ameisimulia mwenyewe. Kila ninapomfikiria dada yule na dhahabu yake, namkumbuka wangu.

Lakini si kila walichofanya huku ni cha kuigwa. Niliwahi kufanya kazi katika chuo kingine ambako ndege ilipandishwa kwenye nguzo ya zege getini, pua imeelekezwa mawinguni, kila mwaka inapakwa rangi mpya. Vifuniko vyote vilifungwa kwa ribiti, pini zisizofunguka. Mwanafunzi alipiga nayo picha siku ya kwanza, na siku ya mahafali akapiga nyingine. Kati ya siku hizo mbili hakuna aliyeigusa. Niliomba ishushwe, nikajibiwa kwamba ni sura ya chuo. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu MiG-21 ni kitabu kizima. Koni ya puani husogea mbele na nyuma ili kudhibiti hewa inayoingia kwenye injini ndege inapozidi kasi ya sauti. Sehemu ya nyuma ya mwili huchomoka yote ili injini itolewe. Ukiitoa injini yake ya R-25 unaona kompresa mbili za kubana hewa, kila moja na shafti yake, moja imepita ndani ya nyingine. Mambo hayo ukiyaeleza kwa mchoro unahitaji wiki, na nusu ya darasa watakuwa wamekuitikia tu.

Wapo wanaosema teknolojia hii imepitwa, kijana atakwenda kukuta ndege ya abiria ya Airbus yenye kompyuta kila kona. Ni kweli, kompyuta hataikuta humu. Ila kutu ni ileile, ufa unaoanzia kwenye tundu la ribiti ni uleule, na waya wa kufungia boliti usilegee hufungwa vilevile.

Hoja ya hatari naipa uzito zaidi. Kiti cha rubani kina baruti ya kumrusha nje, na ajali ya kiti hicho karakanani huua. Baadhi ya ndege za zamani zina saa za vipimo mbele ya rubani zilizopakwa rangi yenye radiamu, madini yenye mionzi, ili zing'ae gizani. Baruti lazima iondolewe na mafundi wa jeshi wenyewe, kwa maandishi, kabla ndege haijatoka kambini. Shule isiyoonyeshwa hati hiyo iikatae zawadi.

Halafu kuna vifo. Magazeti ya India yaliiita MiG-21 jeneza linaloruka kutokana na ajali zake nyingi. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama ni haki kujifunzia kwenye chombo kilichotengenezwa kuua, na ambacho kimewaua hata marubani wake. Nilimwambia tuzungumze ajali, na tukazizungumza kipindi kizima. Sijui njia nyingine ya kuwaheshimu wale vijana.

Nyumbani jeshi letu nalo limerusha ndege za Kichina za ukoo huohuo wa MiG. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha matengenezo ya ndege, na tuna sekondari za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga, zenye watoto wanaojua kushika spana. Wakubwa zangu, ndege inapomaliza kazi, kabla haijakatwa kuwa chuma chakavu au kupelekwa getini kwa mtu, ipelekeni kwa watoto hao. Iende na fundi mmoja mstaafu aliyeihudumia, kwa sababu yeye anajua kila boliti iliyowahi kumsumbua. Ijengewe paa. Mabawa yaachwe chini, kimo cha mtoto wa kidato cha kwanza afikie, na vifuniko viachwe vikifunguka. Rangi msihangaike nayo.