Ule Haukuwa Mkojo

Najua mmeshaiona ile picha. Rafiki yangu (simtaji, ila ndiye huyohuyo ninayemdai) kaibandika tangu juzi usiku na maneno "Kajikojolea kwa Sultani". Simu imejaa pole na namba za waganga. Haya, sikilizeni. Nawaambia ninyi kwa kuwa mzee anatumia kitochi, humu hayumo.

Tulikwenda Kilwa Kisiwani na baba mkwe mtarajiwa, mzee wa swala tano. Safari niliiandaa mwenyewe anione kijana wa maana: kibali tukakata Kilwa Masoko, mashua ya injini, Gereza (ngome ya Wareno ya 1505), Msikiti Mkuu na makuba yake, na mimi nikiropoka habari za Ibn Battuta aliyefika 1331, utadhani nilimpokea bandarini.

Tatizo lilikuwa begini. Msimu wa mabibo huu, nami sipiti Kilwa bila kuonja uraka, ile pombe ya mabibo ya mkorosho. Nilinunua asubuhi, chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikanywee jioni. Mama muuzaji akaniambia, "Usikaze kifuniko, mwanangu, bado unachemka." Nikakaza. Ukitoa harufu mbele ya mzee, nitamwambia nini? (Watu wa bara: maji ya bibo hayalali, yanaendelea kuchacha humohumo na gesi inajaa.) Na jua la Kilwa mnalijua.

Tukafika Husuni Kubwa. Pale kwenye bwawa la pembe nane mwongozaji akashusha sauti, tumfikirie sultani akioga huku bahari iko chini yake. Wote kimya. Nimechuchumaa kivulini, begi mapajani. Nikasikia tsiii. Nyoka! Nikatazama mawe, nikatazama miguu ya mzee. Tsiiii. Begi limevimba. Nikafungua zipu polepole. Chupa imetuna, kitako kimebinuka. Nikashika kifuniko, nizungushe kidogo tu, huku nakohoa kufunika sauti. Nikazungusha. Nikakohoa. Nikazungusha tena...

PAA!

Kifuniko kikanipiga kwenye paji la uso. Mwongozaji akalala chini. Uraka wote, vuguvugu, wa njano, ukanimwagikia pale mnapopajua. Suruali ya krimu, mpya. Nikasimama, ukatiririka hadi kwenye soksi. (Cheka tu, shangazi, nimekuona.)

Mzee akageukia baharini: "Hawa wavuvi wa baruti hawajaacha tu?" Kisha akanigeukia mimi. Macho yakateremka taratibu kutoka usoni, tumboni, yakatua hapo, yakakaa. Mafua yalimziba pua tangu Lindi mjini, alhamdulillahi. Mwongozaji hakuwa na mafua. Akanusa, akanitazama, akaokota kifuniko akakitia mfukoni.

"Mzee, baruti inashtua," akasema.

"Inashtua kweli," mzee akajibu kwa huruma, na hapo ndipo yule rafiki mshenzi alipopiga picha.

Mzee akavua koti lake, nikalifunga kiunoni hadi Masoko. Nimefua kwa limao, kwa chumvi, kwa jiki. Doa la bibo halijatikisika.

Kwa hiyo picha iacheni na maneno yake, na atakayeandika "uraka" kwenye komenti namfungia. Jana mchumba kanipigia: mzee kamwagiza ndugu yake wa Nangurukuru achimbe mizizi ya kutibu woga. Inachemshwa, inanywewa kutwa mara tatu, chungu vibaya. Nimeshaanza dozi.