Tatu ya GPA si tatu ya divisheni

Juzi nilikuwa Uyole kwa kaka yangu, tumekaa jikoni tunaota moto. Baridi ya mwezi wa saba huku Mbeya haina mchezo. Binti yake akaingia mbio, simu mkononi. "Baba, matokeo ya stashahada yametoka. Nina 3.4!" Kaka akanyamaza, akachochea mkaa. "Tatu? Sasa tutafanyaje, mwanangu?" Mtoto aliyeingia anacheka, machozi yakamlenga.

Kaka anaijua divisheni, yale madaraja ya matokeo ya sekondari, ambako namba ikipanda ujue mambo yameharibika. GPA, yaani wastani wa pointi za masomo yote, inakwenda kinyume. Kwa stashahada kilele ni 5.0, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inamtaka mwombaji wa shahada awe na angalau 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Binti alikuwa amevuka! Matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yalitolewa kwa GPA, lakini Profesa Joyce Ndalichako alipoingia Wizara ya Elimu, divisheni ikarudi, na wazazi wakabaki na hesabu waliyoizoea.

Kinachoniuma zaidi ni wanafunzi wenyewe. Wengi wanafika mwaka wa mwisho wakiamini kwamba A moja inafuta C moja. Haifuti, kwa sababu kila somo lina krediti zake, na krediti ndizo uzito wake. Nilivuta daftari la kaka la mauzo ya viazi, nikaandika ukurasa wa nyuma. A ni pointi 5, C ni pointi 2. Ukipata C kwenye somo la krediti 12 na A kwenye somo la krediti 6, unapata 24 na 30, jumla 54. Gawa kwa krediti 18, ni 3.0. Umening'inia mlangoni. Sasa geuza: A iende kwenye somo zito, C kwenye jepesi. Ni 60 na 12, jumla 72, gawa kwa 18: 4.0. Alama ni zilezile mbili! Kaka alirudia hesabu hiyo kwa simu yake mara mbili.

Kwa maoni yangu, hesabu hii ifundishwe chuoni wiki ya kwanza kabisa, kabla mtoto hajapata sapu (mtihani wa marudio) yake ya kwanza, na mzazi anayelipa ada aelezwe pia. Maana hiyo 3.0 ni ruhusa ya kuomba tu. Kozi inayogombewa ikiwa na nafasi chache, mwenye 3.0 anashindana na wenye 4 na kitu, na huko ndiko watoto wetu wanakoachwa bila kuelewa kilichowaangusha.

Binti akafungua matokeo yake upya, akashuka nayo somo kwa somo, kidole kikasimama kwenye hisabati za biashara: C, na krediti nyingi kuliko masomo yote ya muhula ule.

"Shangazi," akasema, "hili mimi nilikuwa nalisoma usiku wa kuamkia mtihani."