Linganisha kwanza, ndipo ufute

Juzi nilikuwa kaunta ya SACCO moja mjini Arua, Uganda, nimeitwa kutengeneza printa, mama mmoja akaja kutoa akiba. Ametoka Koboko kwa taksi, kitabu chake amekifunga kwenye ncha ya kitenge. Anataka karo ya mtoto. Karani akamfungua kwenye skrini: kipaji cha uso, nyusi, macho mawili, halafu kijivu mpaka chini.

"Mama, picha yako haijakamilika. Leo siwezi kukulipa."

Mama akanyoosha shingo kutazama. "Kwani hayo macho si yangu?"

Roho iliniuma. Jioni nikaomba ruhusa niangalie hifadhidata. Picha yake: baiti 65,535. Ya mwanachama aliyefuata: 65,535. Ya tatu vilevile. Mnaotumia MySQL, programu ya hifadhidata, mmeshaelewa. Safu ya picha kwenye jedwali ilitengenezwa kuwa BLOB ya kawaida, aina ya nafasi ya kuwekea faili, na BLOB hiyo haibebi zaidi ya hapo. Ukizima masharti makali ya MySQL, yale yanayokataa data isiyotosha, kinachozidi kinakatwa, onyo linatolewa, na kazi inaendelea. Hakuna aliyelisoma lile onyo.

Lakini kukatwa si ndilo lililonikasirisha. Safu ingerekebishwa kwa dakika chache, na picha zingeingizwa upya. Zingetoka wapi? Programu ya SACCO huchukua faili kwenye folda ambako matawi hutuma picha kwa FTP, njia ya zamani ya kutuma faili mtandaoni, huiingiza kwenye hifadhidata, kisha huifuta papo hapo. Haiulizi kama kilichoingia kinalingana na kilichofika. Jamani, ni mstari mmoja wa msimbo! Soma ukubwa wa faili kwenye diski, soma ukubwa wa kilichohifadhiwa, vikitofautiana usifute. Ukiweza linganisha pia hashi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili yenyewe. Ile faili si yako wewe mwandika programu. Ni ya mtu aliyepanga foleni juani akapigwa picha, akaamini imewekwa.

Msiniambie LONGBLOB, ile BLOB kubwa ya GB 4, inamaliza yote. Kwa FTP, katika njia yake ya kawaida, mwisho wa faili hujulikana kwa muunganisho wa data kufungwa. Mtandao wa tawi ukikatika katikati, nusu ya faili inabaki kwenye folda na jina lake kamili, na programu yenye pupa inaimeza. Tawi litume kwa jina la muda, ikishafika yote ndipo jina libadilishwe. Amri za kubadilisha jina zimo kwenye RFC 959, waraka wa kanuni za FTP wa mwaka 1985. Na nywila za FTP hupita waziwazi, kwa hiyo hamieni SFTP, inayosimba kila kinachopita.

Kuhusu kuweka faili ndani ya hifadhidata, mimi napenda zikae kwenye diski, jedwali libaki na mahali faili ilipo, ukubwa na hashi. Nakubali, shingo upande, kwamba watafiti wa Microsoft mwaka 2006 walipima wakakuta vitu vilivyo chini ya KB 256 vinakwenda vizuri zaidi ndani ya hifadhidata, na vinavyozidi MB 1 kwenye mfumo wa faili. Picha za uso ni ndogo, basi ziacheni humo. Fomu za mkopo zilizoskaniwa zitoeni.

Meneja ameahidi kurekebisha. Mama ameambiwa arudi wiki ijayo apigwe picha nyingine. Nauli ya Koboko, kwenda na kurudi, atalipa mwenyewe.