Dozi ya Tatu Nani Ataileta?

Barua za kuomba udhamini wa kongamano la Lamu, visiwa vya pwani ya Kenya, kuhusu magonjwa yanayoambukizwa kwa damu zimejaa mambo yale yale: mifuko, fulana, kalamu, bango la mdhamini, chakula cha mchana. Mhudumu wa usafi hatajwi popote. Naye ndiye anayenyanyua mfuko wa taka wodini, na sindano iliyotupwa ovyo imetokeza ubavuni mwa mfuko, ikamchoma paja. Jambo hili linaniuma.

Damu ya sindano hiyo ikiwa na virusi vya Ukimwi, hatari ya kuambukizwa ni kama 3 katika 1,000. Ikiwa ni homa ya ini aina ya B na aliyechomwa hana kinga, hatari hufika kati ya 6 na 30 katika 100. Kirusi chake huweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka siku 7. Na chanjo ipo!

Mdhamini, walipie wahudumu hao chanjo hiyo ya homa ya ini B, na uilipie yote. Dozi ni tatu: ya leo, ya baada ya mwezi 1, na ya miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Kongamano la Lamu huisha kwa siku mbili. Dozi ya tatu inafika bango limeshakunjwa zamani na kila mtu amerudi kwao. Hapo ndipo watu hukatikiwa njiani. Fedha za dozi zote, pamoja na nauli ya boti, zitengwe kabla ya kuchapishwa fulana hata moja.

Boti nayo ina mambo yake. Chanjo hii hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Watu huogopa jua, kumbe barafu ndiyo adui mkubwa: pakiti ya barafu iliyotoka friza ikigusana na vichupa, chanjo huganda, na ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Pakiti iachwe nje kwanza, itikiswe mpaka maji yasikike yakicheza ndani, ndipo iingizwe kwenye kasha. Anayekwenda Faza, kisiwani Pate, aulize nahodha saa za maji kujaa. Chombo kikikwama kwenye mkondo mwembamba wa Mkanda maji yakipwa, hesabu yote ya baridi imeharibika. Sindano ichomwe begani, si matakoni, maana huko kinga huja dhaifu.

Haya, kongamano lina faida yake: muuguzi wa Kiunga na wa Mpeketoni hawaketi pamoja kila siku. Basi wakumbushwe kwamba kisanduku cha sindano hufungwa kikijaa robo tatu, na sindano hairudishiwi kifuniko. Aliyechomwa aoshe kwa maji na sabuni, asiminye, asimwagie jiki. Aripoti papo hapo. Dawa za kuzuia Ukimwi zianzwe kabla ya saa 72 kupita, zimezwe siku 28.

Homa ya ini aina ya C haina chanjo, lakini ina tembe zinazoponya, nyingi kwa wiki 12.

Na ukumbini pabandikwe orodha ya wahudumu wote wa usafi, tarehe ya kila dozi mbele ya kila jina, na chini yake jina la atakayelipa dozi ya tatu.