Leseni ya Lithuania, zile yuro 350,000 sio tatizo

Jamaa wanaotaka kufungua kampuni za kutuma pesa Ulaya wanalalamika siku hizi kwamba Lithuania imekaza, eti zamani ulikuwa unaenda Vilnius, mji mkuu wao, unachukua leseni yako ya pesa za kielektroniki mambo yameisha, sasa benki kuu yao inakuhoji mpaka unachoka.

Lalamiko lina ukweli. Sheria inasema jibu litoke ndani ya miezi 3, lakini hiyo miezi inahesabiwa faili likishakamilika, na kulikamilisha ni shughuli, swali moja ukilijibu yanazaliwa mawili, huku unalipa wafanyakazi ambao bado hawana cha kufanya. Mdogo anaumia, silikatai hilo.

Ila mtu kung'ang'ania ule mtaji wa kuanzia wa yuro 350,000 unaotakiwa kwa leseni hiyo kama ndio mlima wenyewe, hapana. Piga hesabu. Mtaji wako hautakiwi kushuka chini ya asilimia 2 ya pesa za wateja unazoshika kwa wastani, kwa hiyo 350,000 inakubeba mpaka milioni 17.5 tu, ukifika milioni 100 tafuta milioni 2. Na hata hiyo asilimia 2 ni nini jamani? Kila yuro 100 ya mteja, wewe umeweka 2 zako! Kinachomlinda mteja ni pesa zake kutengwa na za kampuni, kama zile za M-Pesa zinavyokaa benki kwenye akaunti maalum, maana bima ya amana ya yuro 100,000 waliyonayo wateja wa benki, kwenye kampuni hizi haipo. Vitabu vya hesabu vikichanganyika, basi tena. Hapo ndio maswali yote yale yanakotokea.

Halafu leseni hiyo moja inafungua nchi 30 za Ulaya. Yaani kanchi ka watu chini ya milioni 3 kanamdhamini mama wa Lisbon asiyejua hata Vilnius iko wapi, utaachaje kuuliza? Juni 2023 benki kuu hiyo ilifuta leseni ya Payrnet, kampuni ya pesa za kielektroniki ambayo kampuni nyingine zilikuwa zinafanya biashara kwa mgongo wake, na zikajikuta zinahangaika kwa makosa yasiyo yao.

Ninachowadai Vilnius ni kimoja tu, kasoro ya faili waitaje mapema, sio mtu ameshalipa kodi ya ofisi miezi sita ndio anaambiwa mkurugenzi wake hafai.