Mkono wa nani uko kwenye kibodi?

Wiki moja kabla ya testi, kwenye kimbweta nje ya maabara, kijana wa mwaka wa kwanza amekwama. Programu yake ya lugha ya C inaomba umri. Akiandika 19 tu, inakufa. Mwenzake wa mwaka wa tatu anaivuta laptopu, anaongeza alama ya & ndani ya scanf, amri inayosoma kinachoandikwa kwenye kibodi, inakubali. "Asante sana, kaka." Nusu dakika imetosha. Wiki iliyofuata nilimkuta kijana yuleyule, na kosa lilelile.

Hilo ndilo hunijia kila ninaposikia vyuo vikihimizwa viwe na mpango rasmi wa wanafunzi wa kompyuta kufundishana. Mpango wenyewe siupingi. Somo la kwanza la programu huangusha watu dunia nzima: watafiti Bennedsen na Caspersen mwaka 2007, kisha Watson na Li mwaka 2014, walikuta takriban theluthi moja ya wanaolisoma hawalifaulu. Mhadhiri mwenye darasa la watu mia tatu atakaa na nani? Wa mwaka wa pili ana nafasi hiyo, na bado anakumbuka alipojikwaa.

Kwetu Tanzania kuna na suala la lugha. Mhadhara ni Kiingereza, diskasheni ni Kiswahili. Nimesikia ile & ikielezwa hivi: "scanf ni mtu wa mizigo. Umempa nyumba, yeye anataka namba ya nyumba." Yaani alama hiyo huipa scanf anwani ya mahali pa kuhifadhi umri, si umri wenyewe. Kimya kidogo, halafu kicheko cha aliyeelewa. Slaidi arobaini hazikuwa zimefika hapo. Lakini mtihani huulizwa kwa Kiingereza, na wapo walioelewa vizuri kimbwetani wakashindwa kujieleza kwa mistari miwili kwenye karatasi. Kuwavusha hapo ni kazi pia, na anayeongoza diskasheni mara nyingi hajui kuwa ni yake.

Halafu kuna kudesa. Jibu la asaimenti likishatua kwenye grupu la WhatsApp, saa mbili baadaye lina wamiliki kumi, kila mmoja kabadili majina ya vigeu (variables). MOSS, programu ya kukamata kazi zilizonakiliwa iliyoanza 1994, haidanganyiki kwa majina, inalinganisha muundo. Hapo aliyesaidia kwa moyo mweupe anaitwa ofisini pamoja na walionakili.

Kinachonisumbua zaidi ni wasiokuja. Anayehitaji msaada ndiye mwenye aibu. Chuo Kikuu cha Missouri-Kansas City, huko Marekani, kilipata njia mwaka 1973: badala ya kulenga wanafunzi dhaifu, kililenga masomo magumu. Kila anayelisoma somo hilo anakaribishwa, na kiongozi, ambaye alishalifaulu, anahudhuria tena mihadhara. Kuingia chumbani hakumtangazi mtu kuwa ni kilaza. Ila kiongozi wa namna hiyo anastahili malipo, na kwetu malipo mara nyingi ni cheti, wakati naye ana mradi wa mwisho unaomsubiri na sapu, mtihani wa marudio, inayomnyemelea.

Mimi ningeanza na sharti moja: anayefundisha haigusi laptopu. Tulilijaribu. Ile & ilichukua dakika arobaini badala ya nusu dakika, kijana akaiweka kwa mkono wake, na wawili waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wameshaondoka.